Makala: Namna ya Kutatua Mgongano wa Mikato ya Kibodi katika Terminali ya Mbali

Seva zinazoendesha huduma nyingi za umma hazipo katika chumba kimoja na watumishi wanaozihudumia. Afisa TEHAMA aliyeko makao makuu ya halmashauri hufungua dirisha la maandishi kwenye kompyuta yake, na kupitia dirisha hilo hutoa amri kwa mashine iliyo mamia ya kilomita kutoka alipo. Dirisha hilo huitwa terminali ya mbali. Kila anachoandika husafiri mtandaoni hadi kwenye seva, herufi kwa herufi, na majibu hurudi kwa njia hiyohiyo.

Tatizo huanza pale vitufe vilevile vinapokuwa na maana mbili. Katika programu za kawaida za ofisi, Ctrl+C hunakili maandishi. Katika terminali, Ctrl+C husimamisha kazi inayoendelea. Chukua mfano wa afisa anayetengeneza nakala ya akiba ya hifadhidata usiku. Anaona ujumbe anaotaka kumtumia mwenzake, anauchagua kwa kipanya na kubonyeza Ctrl+C kwa mazoea. Katika baadhi ya programu za terminali, kitendo hicho kinatosha kuikatiza kazi katikati. Faili la akiba linabaki kwenye diski likiwa na jina sahihi na tarehe sahihi, lakini yaliyomo ni nusu. Upungufu huo huweza kutogundulika hadi siku nakala hiyo itakapohitajika.

Makala hii inaeleza chanzo cha migongano ya aina hiyo, namna ya kutambua ni wapi kitufe kimechukuliwa, na hatua za kurekebisha katika programu zinazotumika zaidi. Imeandaliwa kwa ajili ya watumishi wa umma, wanafunzi wa TEHAMA na mwananchi yeyote anayehudumia kompyuta kwa mbali.

CHIMBUKO LA MGONGANO

Miongoni mwa vyombo vya awali vya kuendeshea kompyuta kwa mbali ni mashine za kupiga chapa zilizounganishwa kwa waya. Mojawapo iliyoenea sana ni Teletype Model 33 ya mwaka 1963, mwaka uleule ambao msimbo wa ASCII ulichapishwa kwa mara ya kwanza nchini Marekani. Katika msimbo huo kila herufi ina namba yake. Namba 0 hadi 31 zilitengwa kwa ajili ya maagizo ya kuongoza mashine, kama vile kurudi mwanzo wa mstari, kupiga kengele au kusimamisha usomaji wa utepe wa karatasi.

Kitufe cha Ctrl kiliwekwa ili kuyafikia maagizo hayo. Kanuni yake ni nyepesi: kinapobonyezwa pamoja na herufi, namba ya herufi kubwa hupunguzwa 64. C ni 67, hivyo Ctrl+C ni 3. D ni 68, hivyo Ctrl+D ni 4. S ni 83, hivyo Ctrl+S ni 19. Kinachofika kwenye seva ni namba hiyo peke yake; seva haipati taarifa yoyote kuhusu vidole vilivyobonyeza. Mfumo wa Linux ukipokea namba 3 kwenye terminali, kwa kawaida huisimamisha programu iliyo mbele ya mtumiaji.

Kanuni hiyo ina matokeo mawili ambayo kila mtumiaji wa terminali anapaswa kuyafahamu. Kwanza, baadhi ya vitufe havitofautiani kabisa kwa upande wa seva. Ctrl+I ni 9, sawa na Tab. Ctrl+M ni 13, sawa na Enter. Ctrl+[ ni 27, sawa na Esc. Anayeipa Ctrl+I kazi mpya atakuta kitufe cha Tab nacho kimebadilika. Pili, kwa utaratibu huo wa asili, Shift haiachi alama yoyote. Ctrl+C na Ctrl+Shift+C zote hufika zikiwa namba 3. Ndiyo maana watengenezaji wa programu nyingi za terminali waliichukua Ctrl+Shift+C kwa kazi ya kunakili: seva haikupoteza chochote.

Matumizi ya herufi C na V kwa kunakili na kubandika yalienezwa na kompyuta za kampuni ya Apple mwanzoni mwa miaka ya 1980. Apple ilizifunga herufi hizo kwenye kitufe chake cha Command, na kwa sababu hiyo watumiaji wa Mac hadi leo hunakili ndani ya terminali bila kugongana na Ctrl+C. Windows iliziweka herufi hizohizo kwenye Ctrl. Tangu hapo, vitufe vilivyokuwa vya mashine vikawa pia vya ofisi.

SAFARI YA KITUFE

Kitufe kinachobonyezwa hakifiki moja kwa moja kwenye programu iliyokusudiwa. Hupita katika vituo kadhaa, na kituo cha kwanza kinachokitambua hukichukua na kukitumia. Vituo vinavyofuata havipati hata habari. Vituo hivyo ni sita:

1. Mfumo endeshi wa kompyuta ya mtumiaji, kama Windows, macOS au Linux. Huu huchukua Alt+Tab, Alt+F4 na vitufe vingine vya kusimamia madirisha.

2. Programu ya terminali yenyewe, kama PuTTY, Windows Terminal au GNOME Terminal. Hii huchukua mikato yake ya kunakili, kubandika, kukuza dirisha na kufungua menyu.

3. Programu ya SSH, inayobeba mawasiliano kwa usiri hadi kwenye seva. SSH ilibuniwa mwaka 1995 na Tatu Ylönen nchini Finland. Katika toleo la OpenSSH, alama ya ~ inayoandikwa mwanzoni mwa mstari ni ishara ya agizo kwa SSH yenyewe.

4. Programu ya kutunza na kugawa vikao vya kazi, kama tmux au GNU Screen, ikiwa inatumika. Hii husubiri kitufe chake cha utangulizi, ambacho ni Ctrl+B kwa tmux na Ctrl+A kwa Screen.

5. Laini ya terminali ndani ya seva. Hapa ndipo Ctrl+C, Ctrl+Z, Ctrl+S na Ctrl+Q hupewa maana zake za kawaida.

6. Programu lengwa, kama Bash inayopokea amri, vihariri vya Vim na nano, au programu ya hifadhidata.

Takriban kila mgongano wa mikato ni kitufe kilichokusudiwa kwa kituo kimoja kikachukuliwa na kituo kilichotangulia. Kwa hiyo, kabla ya kubadili mpangilio wowote, ni lazima kituo hicho kijulikane kwanza. Anayebadili mipangilio ya seva wakati kitufe kimechukuliwa na Windows hatapata nafuu, na huenda akawaharibia wenzake wanaotumia seva hiyohiyo.

NAMNA YA KUTAMBUA KITUO KILICHOCHUKUA KITUFE

Yapo majaribio matatu yanayotosheleza hali nyingi.

Jaribio la kwanza ni kuona kama kitufe kinafika kwenye seva. Mtumiaji aandike amri ifuatayo, abonyeze Enter, kisha abonyeze kitufe chenye utata:

cat -v

Ikiwa ni F10 na kwenye skrini ikaonekana ^[[21~ au alama zinazofanana na hizo, kitufe kimefika, na tatizo lipo katika programu lengwa. Ikiwa hakuna kilichoandikwa na badala yake menyu imefunguka au dirisha limebadilika, kitufe kimechukuliwa na kompyuta ya mtumiaji, yaani kituo cha kwanza au cha pili. Ikiwa amri ya cat yenyewe imesimama, kitufe kimechukuliwa na laini ya terminali. Jaribio hili humalizwa kwa Ctrl+C.

Jaribio la pili ni kuisoma mipangilio ya laini ya terminali kwa amri hii:

stty -a

Orodha itakayotokea huonyesha kazi na kitufe chake. Alama ya ^ husimama badala ya Ctrl, hivyo "intr = ^C" maana yake ni kwamba Ctrl+C husimamisha kazi, "susp = ^Z" ni kuiweka kando, na "stop = ^S" ni kuzuia maandishi yasiendelee kutoka.

Jaribio la tatu ni kujua kama mtumiaji yumo ndani ya tmux au Screen bila kutambua. Amri ya echo $TMUX ikirudisha maandishi yoyote, kikao hicho kimo ndani ya tmux. Kwa Screen, amri ni echo $STY.

MIGONGANO YA KAWAIDA NA UFUMBUZI WAKE

Kunakili na kubandika

Katika PuTTY, programu iliyotengenezwa na Simon Tatham wa Uingereza, kuchagua maandishi kwa kipanya kunatosha kuyanakili, na kubofya kitufe cha kulia cha kipanya hubandika. Hakuna haja ya kubonyeza Ctrl+C, na anayeibonyeza hutuma agizo la kusimamisha. Matoleo ya karibuni huruhusu Ctrl+Shift+C na Ctrl+Shift+V kuwekwa kwa kazi hiyo katika ukurasa wa mipangilio wa "Selection". GNOME Terminal hutumia mikato hiyo bila kuhitaji mpangilio wowote.

Windows Terminal ina utaratibu wake. Ctrl+C hunakili ikiwa kuna maandishi yaliyochaguliwa, na husimamisha kazi ikiwa hakuna. Hatari ipo wazi: uchaguzi ukifutika kabla ya kidole kushuka, kazi iliyokusudiwa kuendelea itakoma. Inashauriwa kujizoeza Ctrl+Shift+C katika programu zote, ili mkono uwe na desturi moja. Aidha, Ctrl+V ya Windows Terminal hubandika na hivyo huwanyima watumiaji wa Vim njia yao ya kuchagua maandishi kwa safu wima. Mkato huo unaweza kuondolewa katika sehemu ya "Actions" ya mipangilio, na Ctrl+Shift+V ikabaki kwa kubandika.

Skrini kuganda baada ya Ctrl+S

Mtumiaji aliyezoea kuhifadhi kazi kwa Ctrl+S huibonyeza ndani ya terminali, na ghafla skrini huacha kuonyesha chochote. Wengi hudhani kuwa mtandao umekatika au seva imezimika, na wapo wanaoamua kuiwasha upya. Ukweli ni kwamba seva inafanya kazi. Namba 19 ni agizo la kale la kusimamisha maandishi, na namba 17, yaani Ctrl+Q, ni agizo la kuyaruhusu tena. Kwa hiyo hatua ya kwanza wakati skrini imeganda ni kubonyeza Ctrl+Q mara moja na kusubiri.

Asiyehitaji utaratibu huo anaweza kuuzima kwa amri ya stty -ixon. Ili ubaki umezimwa kila anapoingia, mstari ufuatao uwekwe katika faili la .bashrc la akaunti yake:

[[ $- == *i* ]] && stty -ixon

Sehemu ya mwanzo ya mstari huo huhakikisha kwamba amri inatekelezwa pale tu mtu anapoandika mwenyewe. Bila kinga hiyo, shughuli zisizo na mtu kwenye terminali, kama vile uhamishaji wa mafaili, huweza kutoa ujumbe wa hitilafu.

Kazi kutoweka baada ya Ctrl+Z

Ctrl+Z katika programu za ofisi hutengua kosa. Katika terminali huiweka programu kando. Mtumiaji hurudishwa kwenye mstari wa amri na kudhani kwamba programu imejifunga, kisha huifungua upya. Programu ya kwanza haijafungwa. Imesimama palepale ilipokuwa. Amri ya jobs huionyesha, na amri ya fg huirudisha.

Suala hili lina uzito wa pekee kwa wahudumu wa hifadhidata. Programu ya hifadhidata ikiwekwa kando katikati ya muamala ambao haujakamilishwa, kumbukumbu zilizofungwa na muamala huo hubaki zimefungwa. Watumiaji wengine wanaotaka kuzibadili kumbukumbu hizo watasubiri, na foleni itaongezeka kwenye madirisha ya huduma bila mtu kujua chanzo chake. Kabla ya kuondoka kwenye seva, ni vyema kuandika jobs na kuhakikisha hakuna kilichoachwa.

Kutolewa kwenye seva kwa Ctrl+D

Ctrl+D humaanisha mwisho wa maandishi. Ikibonyezwa kwenye mstari wa amri usio na kitu, hufunga kikao. Wanaoipata hitilafu hii mara kwa mara wanaweza kuweka amri ya set -o ignoreeof katika .bashrc. Baada ya hapo Bash itamkumbusha mtumiaji aandike amri ya kutoka, na haitafunga kikao kwa kosa la kidole kimoja.

Ctrl+W ndani ya kivinjari

Baadhi ya mifumo huruhusu terminali kufunguliwa ndani ya kivinjari. Katika Bash, Ctrl+W hufuta neno lililotangulia, na katika nano hutafuta maandishi. Katika kivinjari, hufunga kichupo. Kivinjari ndicho hutangulia, na kwa kawaida ukurasa hauwezi kukinyang'anya mkato huo. Ufumbuzi ulio salama ni kutumia programu halisi ya terminali. Pale isipowezekana, Esc ikifuatwa na Backspace hufuta neno katika Bash, na F6 hutafuta katika nano. Vilevile, kazi ndefu ziendeshwe ndani ya tmux, ili kichupo kikifungwa kazi isife pamoja nacho.

Vitufe vya F10 na F11

F10 hufunga programu ya Midnight Commander, lakini GNOME Terminal huweza kuitumia kufungua menyu yake. Utaratibu huo huzimwa katika dirisha la "Preferences". Asiyetaka kubadili kitu anaweza kubonyeza Esc kisha 0, na Midnight Commander itaelewa kuwa ni F10. Katika htop, herufi q hufanya kazi hiyohiyo ya kufunga. F11 nayo hukuza dirisha katika programu nyingi za terminali na hivyo haifiki kwenye seva.

Backspace inayoandika alama

Mtumiaji anapobonyeza Backspace na kuona ^H au ^? badala ya herufi kufutika, pande mbili hazijakubaliana kuhusu namba. Zipo mashine zinazotumia 8 na zipo zinazotumia 127. Katika PuTTY, ukurasa wa "Keyboard" ulio chini ya "Terminal" hutoa nafasi ya kuchagua kati ya hizo mbili, na mifumo mingi ya Linux hutarajia 127. Baada ya kuchagua, mtumiaji arudi ukurasa wa "Session" na kuhifadhi kwa "Save", la sivyo mabadiliko yatapotea atakapofunga dirisha.

Kitufe cha Alt

Terminali nyingi hutuma Alt kwa kutanguliza Esc mbele ya herufi. Kwa hiyo popote Alt+B inapochukuliwa na menyu ya dirisha, mtumiaji anaweza kubonyeza Esc, kuiachia, kisha b, na seva itapokea kitu kilekile. Kwa watumiaji wa Mac, programu ya Terminal ina chaguo la "Use Option as Meta key" katika sehemu ya kibodi ya mipangilio ya wasifu, ambalo hukifanya kitufe cha Option kifanye kazi ya Alt.

Tmux ndani ya tmux

Mtumiaji mwenye tmux kwenye kompyuta yake, aliyeingia kwenye seva yenye tmux nyingine, hukuta Ctrl+B inatii ile ya nje tu. Kwa mpangilio wa awali, kubonyeza Ctrl+B mara mbili hupeleka moja kwa tmux ya ndani. Anayefanya hivyo kila siku anashauriwa kubadili kitufe cha utangulizi kwenye kompyuta yake mwenyewe, katika faili la .tmux.conf:

set -g prefix C-t
unbind C-b
bind C-t send-prefix

Wengi huchagua Ctrl+A kwa kazi hiyo. Ifahamike kuwa Ctrl+A hurudisha kishale mwanzo wa mstari katika Bash, hivyo uamuzi huo hutatua mgongano mmoja na kuzaa mwingine.

Alama ya ~ katika SSH

Mawasiliano yanapokatika na dirisha likagoma kujifunga, mtumiaji wa OpenSSH anaweza kubonyeza Enter, kisha ~ na nukta, na SSH itakata kikao. Ikiwa ameingia kwenye seva ya pili kupitia ya kwanza, ~ na nukta hukata kikao cha nje, na pamoja nacho cha ndani. Ili kukata cha ndani pekee huandikwa ~~ na nukta. Orodha ya maagizo hayo huonekana kwa kuandika ~? mwanzoni mwa mstari.

Windows kwa mbali

Wanaohudumia seva za Windows kwa programu ya Remote Desktop Connection hukutana na mgongano wa aina hiyohiyo. Ctrl+Alt+Del huchukuliwa na kompyuta iliyo mbele ya mtumiaji. Kwa seva hutumika Ctrl+Alt+End. Alt+Page Up husimama badala ya Alt+Tab. Katika ukurasa wa "Local Resources", mtumiaji huchagua kama mikato ya Windows itumike kwenye kompyuta yake, kwenye seva, au kwenye seva pale tu dirisha linapojaza skrini.

MPANGILIO WA HERUFI ZA KIBODI

Kompyuta mpakato zilizotumika, hasa zinazoingia kutoka Ulaya, huweza kuwa na kibodi yenye mpangilio usiolingana na mipangilio ya mfumo endeshi. Katika mpangilio wa Kiingereza cha Uingereza, alama za @ na " zimebadilishana nafasi ikilinganishwa na ule wa Marekani, na ~ ipo karibu na Enter badala ya kuwa kushoto kwa namba 1. Tofauti hiyo haionekani wakati wa kuandika nywila, kwa kuwa herufi zake hufichwa. Mtumiaji huandika nywila sahihi, hukataliwa, hurudia, na huweza kufungiwa akaunti.

Kabla ya kuingia kwenye seva, inatosha kubonyeza vitufe vya @, ", #, ~ na | kwenye mstari wa amri wa kompyuta yake na kulinganisha kinachoonekana na kilichochorwa kwenye kibodi, kisha kuvifuta. Visipolingana, kinachorekebishwa ni mpangilio wa lugha ya kibodi katika mfumo endeshi.

KANUNI ZA KUFUATA KABLA YA KUREKEBISHA

Kwanza, marekebisho yafanyike karibu na mtumiaji kadiri inavyowezekana. Mipangilio ya programu ya terminali kwenye kompyuta yake humhusu yeye peke yake. Mipangilio ya seva huwahusu wote wanaoingia humo.

Pili, maana ya Ctrl+C kwenye seva isibadilishwe. Ndiyo njia ambayo kila mhudumu huitegemea kusimamisha amri iliyokosewa, na siku ya dharura hakuna atakayekumbuka kwamba imehamishwa.

Tatu, kibadilishwe kitu kimoja kwa wakati, kisha kijaribiwe kwa cat -v. Anayebadili vitu vitatu kwa pamoja hawezi kujua ni kipi kilicholeta nafuu.

Nne, mabadiliko yaandikwe katika kumbukumbu za kitengo. Mtumishi akihamishwa, anayempokea atakuta kibodi inayoeleweka.

KINGA KWA KAZI NYETI

Hakuna mpangilio unaoweza kuzuia makosa yote ya vidole. Kwa sababu hiyo kazi nyeti zinahitaji kinga ya ziada. Kazi inayochukua muda mrefu ianzishwe ndani ya tmux au Screen, ili dirisha likifungwa au mtandao ukikatika iendelee kwenye seva. Ujumbe unaohitaji kunakiliwa usomwe kutoka dirisha la pili, na dirisha lenye kazi liachwe bila kuguswa.

Kubandika nako kunahitaji uangalifu. Maandishi yenye mistari kadhaa huweza kutekelezwa mara tu yanapoingia kwenye terminali, kabla mtumiaji hajayasoma. Ni salama zaidi kuyabandika kwanza katika kihariri cha kawaida, kuyasoma, kisha kuyapeleka.

Mwisho, nakala ya akiba isihesabiwe kuwa imekamilika kwa sababu tu faili lipo. Kwa nakala zinazotengenezwa kwa mysqldump, mstari wa mwisho wa faili lililokamilika, katika mpangilio wa kawaida, huanza na maneno "-- Dump completed". Amri ya tail -n 1 ikifuatwa na jina la faili huuonyesha mstari huo mara moja. Usipokuwepo, kazi ilikatizwa na inapaswa kurudiwa. Uthibitisho ulio kamili zaidi ni kuirejesha nakala hiyo kwenye seva ya majaribio.

Watumishi wanaokutana na hitilafu ambazo hazikutatuliwa na hatua zilizoelezwa hapo juu wanashauriwa kutoiwasha seva upya kabla ya kuwasiliana na Kitengo cha TEHAMA cha taasisi husika, na kutaja mambo matatu: jina la programu ya terminali inayotumika, kitufe kilichobonyezwa, na kilichoonekana kwenye skrini baada ya jaribio la cat -v. Kwa taarifa hizo tatu, mtaalamu ataweza kujua haraka ni kituo gani kilichochukua kitufe, na huduma kwa wananchi itaendelea bila kusimama.